Supamaketi kubwa imebadilisha tovuti: sura mpya, pesa zinakatwa mara mbili

Wadau, nani aliipitisha hii tovuti mpya? Jina la supamaketi sitalitaja, mnaoagiza mnalijua. Ile ya zamani ilikuwa na sura mbaya, lakini unga ulifika. Hii mpya ina video ya familia inacheka mezani, na ukifika kwenye kulipa ni balaa.

Tuanze na M-Pesa. Ukibonyeza kulipa, kisanduku cha PIN kinatokea kwenye simu, na papo hapo ukurasa unaanza kuhesabu sekunde 30. Zikiisha unaambiwa malipo yameshindikana, jaribu tena, hata kama mtu bado yuko kwenye tarakimu ya tatu ya PIN. Anamalizia, pesa inakatwa, ujumbe unaingia, na kikapu bado kinamdai. Akibonyeza tena anakatwa tena. Huduma kwa wateja wanasema ni "shida ya mtandao". Si mtandao! Ombi la malipo na jibu la malipo ni vitu viwili. Duka linatuma ombi, Safaricom inalipokea na kulipatia namba yake, kisha matokeo yanatumwa baadaye kwenye anwani ambayo duka lenyewe limeiweka. Jibu likiwa 0, pesa imeingia. 1032, mteja ameghairi. 1037, simu haikupatikana au haikujibu. 1, salio halitoshi. Saa ya ukurasani haina haki ya kutangaza lolote kati ya hayo. Jibu likichelewa, seva ya duka iulize hali ya ombi kwa namba ileile, na mpaka ijibiwe kitufe cha kulipa kibaki kimefungwa. Huduma hiyo ya kuuliza ipo kwenye Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha tovuti na M-Pesa, na maelezo yake yako wazi kwa kila fundi anayetaka kusoma.

Halafu sehemu ya namba ya simu inakubali 07 peke yake. Laini za 0110 hadi 0115 ni za Safaricom na zina M-Pesa kama nyingine zote. Aliyeandika sharti hilo alinakili kipande cha zamani cha programu na hakuna aliyekijaribu.

Nyama nayo. Umeagiza kilo 2, mizani imesoma kilo 1.85. Kwa kadi, duka linaweza kuzuia kiasi fulani kwanza na kuchukua kamili baada ya kupima. M-Pesa hapa inakata moja kwa moja, kwa hiyo tofauti lazima irudishwe. Kwa bei ya shilingi 700 kwa kilo, hizo gramu 150 ni shilingi 105. Tovuti ya zamani ilizirudisha kwenye simu. Hii inazigeuza kuwa pointi, tena pointi zenye tarehe ya kuisha. Nani aliomba pointi?

Anwani ndiyo inachekesha zaidi. Fomu imetolewa Ulaya au Marekani nzima nzima: jina la mtaa, namba ya nyumba, msimbo wa posta, na vyote ni lazima. Watu wanajaza 00100 kwa sababu sanduku lao liko posta kuu ya Nairobi, na mfumo unakokotoa nauli ya kuleta mzigo kwa msimbo huohuo. Mtu anaishi Rongai, anatozwa nauli ya katikati ya jiji, boda anafika Kenyatta Avenue, anapiga simu, oda inafutwa. Kinachotakiwa ni vitu vitatu tu: alama kwenye ramani, namba ya kupigiwa, na nafasi ya kuandika "nyuma ya shule ya msingi, geti la kijani". Nauli ihesabiwe kutoka kwenye ile alama.

Bidhaa zinaonyeshwa zipo wakati hazipo, kwa sababu hesabu inasoma jumla ya matawi yote na inasasishwa usiku. Tawi linalokuhudumia limeishiwa mafuta ya lita 3 saa nne asubuhi, wewe unalipia saa nane. Hesabu isomwe kwa tawi, kila baada ya dakika chache, na bidhaa ikibaki chini ya tano ifichwe, maana mteja aliye dukani ndiye atakayeichukua. Ukitafuta "sukuma" au "dhania" hupati kitu. Orodha ya maneno mia mbili ya sokoni ingemaliza hilo kwa siku moja.

Picha za bidhaa ni megabaiti 2 kila moja. Pakiti ya chumvi! Zikibanwa vizuri zinashuka chini ya kilobaiti 100 na hakuna jicho litakalojua. Na orodha inajiongeza bila mwisho, kwa hiyo namba ya simu ya malalamiko iliyo chini kabisa ya ukurasa huifikii kamwe. Sijui kama hiyo ni bahati mbaya.

Akaunti za zamani hazikuhamishwa, kila mtu ajisajili upya. Marks & Spencer ya Uingereza ilihama kutoka kwenye mfumo wa Amazon Februari 2014, ikazindua tovuti ya pauni milioni 150 na kuwataka wateja wajisajili upya. Katika robo mwaka iliyoishia Juni, mauzo yao ya mtandaoni yalishuka asilimia 8.1. Haya hayajafichwa popote, yaliandikwa magazetini. Nywila za zamani zingeweza kubebwa zikiwa zimefumbwa, yaani zimegeuzwa zisisomeke, zikahakikiwa kwa njia ya zamani mteja anapoingia mara ya kwanza, kisha zikafumbwa upya. Na kununua bila akaunti kungebaki palepale.

NYONGEZA: Wanaosema "wapeni muda", muda ulikuwa kabla ya kuzindua. Ungefungua tawi moja kwanza, wateja wachache, ya zamani ikiendelea kufanya kazi pembeni, na kila jioni ulinganishe malipo yaliyoingia na oda zilizofungwa. Tofauti hata ya oda moja, unasimamisha.

Mliokatwa mara mbili: nakilini ile misimbo miwili ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu 10, andikeni barua pepe badala ya kupiga simu, tajeni namba ya oda na saa ya kila malipo, na mdai pesa irudi kwenye laini ileile. Wakiwapa pointi, kataeni kwa maandishi.