Nyumba ya kuishi: fundi wa mtaani au kampuni kubwa?

Mleta mada (Chanika, Dar es Salaam)

Habari zenu. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30, nimemaliza kukilipia mwaka jana. Mimi ni mwalimu, mume wangu ni dereva. Tunataka vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko na stoo. Mezani nina karatasi mbili.

Ya kwanza ni ya fundi wa mtaani kwetu. Amejenga nyumba nne hapa jirani, mbili nimeingia hadi ndani. Msingi, boma na kupaua anataka ufundi wa milioni 6, vifaa nanunua mimi. Karatasi yenyewe ni ukurasa wa daftari. Ya pili ni ya kampuni kubwa: milioni 84, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwa humo humo, miezi saba, tunakabidhiwa funguo. Nusu ya fedha wanaitaka kabla ya kuanza.

Mume wangu anataka kampuni. Tangu ghorofa la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024, hataki kusikia neno fundi, na yuko upande wa wanaosema Serikali iwapige marufuku mafundi wasiosajiliwa kujenga nyumba za watu. Mimi naona marufuku hiyo ingekuwa kosa kubwa. Baba yangu alijenga kwa mshahara kwa miaka kumi na moja. Mwaka huu msingi, baada ya miaka mitatu linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, bati zikaja amekaribia kustaafu. Kampuni gani ingemsubiri? Hata hivyo nitakayelala chini ya hilo paa na watoto ni mimi. Naombeni hoja zenu.

Mchangiaji wa Mbezi

Dada, nenda kampuni. Mimi nilimpa fundi kazi kwa kuaminiana, kwa sababu alimjengea shemeji yangu. Boma lilipofika usawa wa linta nikaenda Jumapili bila kumwambia. Nikakuta ringi za nguzo, vile vyuma vinavyofunga nondo pamoja, zimeachana karibu mkono mzima, na nondo za milimita 12 nilizonunua sizioni, kuna nyembamba. Mifuko 14 ya saruji ilikuwa imeuzwa. Aliyeniambia ni jirani aliyeinunua, naye hakujua kama ni yangu. Nimshtaki wapi? Ofisi hana, stakabadhi hatoi, simu haipatikani. Leo ukuta wa jikoni una ufa ambao mwanangu anaingiza vidole. Kampuni hata ikikukosea, ina mlango wa kugonga.

Fundi mwashi, Temeke

Nimesoma hapo juu na imeniuma, kwa sababu mambo hayo yapo na yanatuchafua sote. Huu ni mwaka wangu wa 19. Nilianza saidia fundi, nikibeba zege kwa karai.

Ndugu zangu, kampuni ikipata kazi ya nyumba ya vyumba vitatu, mnadhani nani anaijenga? Wananipigia simu mimi na wenzangu. Nimejenga nyumba za kampuni tatu, nikilipwa kwa siku. Mhandisi nilimwona siku ya msingi na siku ya kumwaga linta. Mkono uliopanga tofali ni huu huu niliomjengea mama mmoja Mbagala. Tofauti ni kwamba pale yupo mtu wa stoo anayehesabu mifuko asubuhi na jioni, na yupo msimamizi anayekuja na timazi na kukuambia bomoa kozi hii, yaani mstari huu wa tofali, imelala. Mamilioni yale ya ziada, sehemu kubwa yanamlipa huyo. Mteja wa mtaani hataki kumlipa mtu huyo, halafu anataka matokeo yale yale.

Anakuja na ramani aliyoipiga picha kwenye simu ya mtu. Namwambia udongo wa hapa ni mfinyanzi, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka, tuchimbe kina zaidi na tufunge mkanda wa zege chini. Ananijibu jirani hakuweka mkanda. Namwambia mfuko mmoja wa saruji nisizidishe tofali 30 za inchi sita, yeye anataka 50, kwa sababu kuna mtu alimwambia inawezekana. Inawezekana kweli, ila hiyo ni tofali ya kushikwa na vidole ikamomonyoka. Zege la linta linataka kumwagiliwa maji siku saba. Maji ni ya kununua, basi siku ya pili ananiambia limeshakauka, endelea. Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Nyumba ikipasuka, jina linalotajwa mtaani ni langu.

Na sisi tunadhulumiwa. Kuna mtu nilimpaulia nyumba, bati ya mwisho ilipopigwa msumari akazima simu. Vijana wangu watatu walikuwa wanangoja hela ya kula.

Mkitupiga marufuku, kazi haitakoma. Tutajenga kwa jina la mtu mwenye karatasi, yeye akae kwake achukue chake, na bei apandishiwe mwenye nyumba. Mimi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wamenipima kwa ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa tuliojifunzia kazini, cheti ninacho ndani ya begi. Tangu nikipate, hakuna mteja hata mmoja aliyeniomba kukiona.

Mkadiriaji majenzi (mpima gharama za ujenzi)

Nawaomba tusitumie maafa ya maghorofa kumhukumu fundi wa nyumba ya chini. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30. Lilikuwa na kibali cha ghorofa 10, likapandishwa hadi 16. Mradi ule ulikuwa na kampuni ya ukandarasi. Kilichokosekana pale ni mtu wa kusimamisha kazi ilipovuka kibali, na hilo halitibiwi kwa kumfukuza fundi wa Chanika.

Mleta mada, katika karatasi zako mbili kinachonitisha zaidi ni ile nusu kabla ya kuanza. Hiyo ina maana kwamba siku ya kwanza, kabla hata jembe halijagusa ardhi, umeshapoteza nguvu ya kumwambia mtu rudia kazi hii. Malipo yafuate kazi iliyopimwa: msingi umekwisha, umekaguliwa, lipa. Kila awamu zuia asilimia 5 hadi 10, na fedha hiyo itoke baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kungoja kasoro zijitokeze kazi ikishakabidhiwa, ambacho kwa kawaida ni miezi 6 hadi 12, ili nyumba ipite angalau masika moja mbele ya macho yako. Kampuni ikiikataa hoja hii, uliza kwa nini.

Pia mnazungumza kana kwamba kuna njia mbili tu. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inasajili kwa madaraja, la kwanza hadi la saba, lililo la chini kabisa. Mkandarasi wa majengo wa daraja la saba pengine ofisi yake ni chumba kimoja, na mafundi wake unawajua kwa sura, lakini ana namba ya usajili, na bodi inaweza kumwajibisha. Watu wanaruka kutoka fundi wa daftari hadi kampuni yenye nyumba ya mfano, wanampita huyu bila kumwona.

Mtanzania aliye Muscat

Assalaam alaykum. Mimi siko hapo nishike timazi. Nilituma fedha miaka miwili kwa ndugu yangu wa damu, akawa ananitumia picha za boma linapanda. Nilipofika likizo nikapelekwa kwenye msingi wenye majani. Picha zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine, mtaa wa pili. Fundi alikuwa mwaminifu, alisimama kwa sababu hakupewa vifaa. Kwa tulio mbali, bora kampuni yenye mkataba, hata kwa bei ya juu.

Mchangiaji wa Kilifi

Ndugu wa Muscat, pole sana, lakini mkataba pekee haukujengei. Mimi na dada yangu tulinunua nyumba kwa ramani, kabla haijajengwa, kutoka kwa kampuni yenye ofisi ya vioo. Huu ni mwaka wa nne, pale mahali pana ua wa mabati na mlinzi. Mlango wa kugonga upo, tumeugonga mpaka tumechoka, sasa tunamlipa wakili.

Na kuhusu usajili, hapa Kenya tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, nayo inasajili makontrakta na hata mafundi wenyewe. Ni jambo zuri, naliunga mkono. Bado mwaka 2016 jengo la Huruma, Nairobi, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 40, na lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Alama ilipakwa, watu wakaendelea kulipa kodi ya nyumba. Sajilini mafundi, lakini mwajiri pia wakaguzi wanaofika.

Mchangiaji wa Mbezi

Fundi wa Temeke, nimekuelewa, na nakiri sikumlipa mtu wa kunisimamia hata siku moja. Ila saruji yangu haikuibwa na ukosefu wa msimamizi, iliibwa na mtu. Hilo nalo lisemwe.

Mleta mada

Asanteni. Nilirudi kampuni na hoja ya kulipa kwa kazi iliyopimwa. Walinipokea kwa heshima, wakasema utaratibu wao haubadiliki. Nikamfuata fundi wangu na maswali ya hapa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuandike awamu nne mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kwamba kasoro ikionekana masika ijayo atarudia ufundi bure. Nimepata pia mhandisi aliyesajiliwa, atakuja mara nne: msingi ukichimbwa, nondo zikishafungwa kabla ya kumwaga linta, mbao za paa zikishasimama, na siku ya mwisho. Anataka milioni 1.2, na nimeamua kumlipa kabla sijanunua tofali hata moja. Majina ya wakandarasi wa daraja la saba bado natafuta, maana ufundi wa kumalizia sitaki kumpa mtu wa daftari.

Mume wangu hajakubali. Ameniuliza swali moja ambalo limenikalia kifuani: mhandisi atakuja siku nne, siku zilizobaki nani yuko na saruji yetu? Shule zinafungwa Juni na mvua zitakuwa zimepungua, kwa hiyo msingi nitakuwepo mwenyewe kila siku, na daftari la kuhesabia mifuko nimeshalichora. Aliyewahi kutunza saruji kwenye kiwanja kisicho na kibanda, aniambie alifanyaje.