Mwanangu kachapwa viboko kwa sababu anajua hesabu. Huu ni ualimu gani?

Wakuu, nina hasira na wala siifichi.

Binti yangu ana miaka 14, yupo kidato cha kwanza shule ya kata hapa Dar. Ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kuanzia darasa la nne alikuwa akilazwa kila mara, tukaelewana na mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwamba jina libaki kwenye rejista, asomee nyumbani, aende kufanya mitihani tu. Mama yake ni mwalimu wa hesabu, aliacha kazi kwa ajili yake. Darasa la saba mtoto kapata A masomo yote. Wenzake wakiwa wanasubiri kupangiwa shule, yeye alikuwa kwenye vitabu vya kidato cha tatu na cha nne, na hakuna aliyemsukuma.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini hakwenda shule ya vipaji maalumu. Kilakala ipo Morogoro, Msalato ipo Dodoma, Tabora Wasichana ipo Tabora, na zote ni za bweni. Kliniki yake ipo Muhimbili. Mtoto anayeweza kuamka usiku wowote analia maumivu ya mifupa simpeleki bweni. Kwa hiyo ikawa shule ya kutwa, jirani na nyumbani, na yeye mwenyewe aliifurahia kuliko sisi, maana alitaka marafiki na alitaka kuingia maabara.

Sasa sikieni kilichotokea. Jaribio la hesabu: 2x + 3y = 12, na x − y = 1. Darasani wamefundishwa kuondoa herufi moja ili wapate nyingine. Binti kaziweka namba kwenye matriksi, mada ya kidato cha nne, akapata x = 3 na y = 2. Karatasi ninayo hapa mezani. Majibu sahihi, hatua zote zipo, mwandiko safi. Juu yake kachorewa alama ya kosa ya wino mwekundu kutoka kona hadi kona, na chini imeandikwa "Umedesa wapi?", yaani kanakili wapi. Sifuri.

Akanyoosha mkono, akaomba apewe swali lingine lolote alifanye ubaoni hapo hapo. Kwa heshima, wenzake wamethibitisha. Mwalimu, mwanaume mtu mzima, akasema huyu mjuaji amekuja kumfundisha kazi. Viboko sita, mgongoni na kwenye miguu.

Wanaosema "viboko vipo kisheria" wasome kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu. Havizidi vinne. Anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na idhini ni kwa tukio lile tu. Mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina mwalimu wa kike, na hii inao tele. Ni mkononi au kwenye makalio juu ya nguo. Kosa, idadi ya viboko na aliyechapa vinaandikwa kitabuni. Nilipoomba nikione hicho kitabu, mkuu wa shule akasema kipo kwa mwalimu wa nidhamu. Mwalimu wa nidhamu akasema kipo kwa mkuu. Wote wawili wamesimama mbele yangu!

Tena kwenye faili lake kuna barua ya daktari. Inaeleza ugonjwa, inaeleza kwamba anatakiwa kunywa maji mara kwa mara na kuruhusiwa kwenda chooni. Hata kichupa cha maji anaambiwa anajidekeza.

Darasa lina watoto zaidi ya tisini, mzigo wa walimu nauona na siukatai. Lakini kumpa mtoto swali gumu zaidi akae nalo pembeni kunahitaji bajeti gani? Jibu nililopewa ofisini ni hili: "Kama anajua sana, mpelekeni akafanye QT." Yaani mtoto wa miaka 14 afukuzwe kwa wenzake, akafanye mtihani wa maarifa kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa kuwa mwalimu kakasirishwa na njia asiyoifundisha yeye.

Juzi usiku kamwambia mama yake: "Mama, usinifundishe tena mada ambazo shuleni hawajafika." Huyu ndiye aliyekuwa ananiomba nimwongezee dakika kumi kabla sijazima taa. Mke wangu alitoka nje akakaa barazani peke yake.

Naenda kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri wiki hii, na sitaki kuombwa radhi kwa mdomo. Nataka jaribio lisahihishwe upya, nataka kitabu cha adhabu kitolewe, na nataka yule mwalimu asimguse tena.

Aliyewahi kufikisha jambo kama hili halmashauri au dawati la jinsia na watoto la polisi anisaidie: nianzie wapi ili faili lisipotee? Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iliyochukuliwa siku mbili baada ya tukio bado ina nguvu? Alama za miguuni tumezipiga picha.