Naomba ushauri: wachezaji wangu wanataka kumfuata marehemu kuzimu, hili pango nilijengeje?

Msimulizi wa Kirumba:

Wakuu, habari za jioni. Naendesha mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa mezani wa dadu na karatasi, hapa Kirumba, Mwanza, kila Jumamosi. Wachezaji ni wanne. Ulimwengu tumeutunga wenyewe: ziwa kubwa, visiwa, watemi wanaogombea malisho, majoka majini. Kikao kilichopita mhusika mmoja, Kulwa, aliuawa. Dadu zilisema, hakuna aliyelalamika. Kwa kawaida mwenye mhusika huunda mwingine tukaendelea. Safari hii wenzake wamekataa. Doto, pacha wake Kulwa, anachezwa na dada mmoja mwenye akili kali sana, naye alisimama akasema, "Tunamfuata huko huko." Wote wakaitikia.

Nimefurahi mno, ndiyo hadithi niliyokuwa naitamani. Mlango nimeshaupata: ufa chini ya mawe makubwa ya ufukweni, mfano wa Jiwe la Bismarck, unaoonekana maji ya ziwa yakipungua tu. Ninachokwama ni kilichoko ndani. Sitaki mlolongo wa vyumba, kila chumba zimwi, unapigana unapita. Wala sitaki kuwategemea Wagiriki peke yao. Yule mzee wa mtumbwi na yule mbwa wa vichwa vitatu wachezaji wanawajua, watapata jibu kabla sijamaliza kusimulia.

Halafu kuna hili linaloninyima usingizi: Kulwa arudi au asirudi? Akirudi kirahisi, kifo hakitakuwa na uzito tena mezani kwetu. Asiporudi, nitakuwa nimewatembeza bure watu wanaompenda. Karibuni.

Dadu ya Pande Ishirini:

Mkuu, weka ramani pembeni kwanza. Andika sheria za kuzimu kwako: nani mwenye mji, mgeni anatozwa nini, nini hakiruhusiwi. Ukiwa na sheria tatu zinazouma, vyumba vitajitengeneza vyenyewe.

Wasumeri, watu wa kale wa Iraki ya leo, walilijua hili. Mungu wao wa kike Inanna alishuka kwenye nchi ya dada yake Ereshkigal, malkia wa wafu. Njiani kuna milango saba, na bawabu anaitwa Neti. Kila mlango anavuliwa kitu: taji, shanga, pete ya dhahabu, mwishoni joho lenyewe. Kila akiuliza sababu anaambiwa anyamaze, taratibu za kuzimu hazihojiwi. Anafika mbele ya dada yake akiwa uchi, anauawa, maiti yake inatundikwa kwenye ndoano.

Sasa chukua karatasi ya mhusika, ile inayoorodhesha uwezo na mali zake. Kila mlango unafuta kitu pale, na mchezaji achague kati ya viwili, vyote vya thamani. Mlango wa kwanza silaha au fedha. Mlango wa pili uganga aliojifunza au jina lake, yaani huko ndani hakuna atakayemtambua akijitaja. Mlango wa tatu uchukue kumbukumbu moja, na mchezaji aisimulie kwa sauti kabla haijafutwa. Huo wa tatu utawafanya wanyamaze meza nzima, nakuhakikishia. Milango saba ni mingi kwa kikao kimoja, mitatu au minne inatosha.

Na kuna jambo watu wengi hulipita haraka. Inanna aliokolewaje? Mungu Enki alitengeneza viumbe wawili kwa uchafu wa kucha zake akawatuma. Walimkuta Ereshkigal anaugulia kwa maumivu. Hawakumpiga. Kila alipolia "Ole wangu," wao wakaitikia kilio chake. Malkia wa wafu akaguswa na pole hiyo. Akawaambia waombe chochote, wakaomba ile maiti. Mwenye kuzimu yako naye awe hivyo: upanga usimwingie kabisa, ila ana uchungu wake, na dalili za uchungu huo uzitawanye sehemu tatu tofauti, ili wakikosa moja wasikwame.

Usiku Nyegezi:

Tumia saa! Wamisri waliamini jua linasafiri usiku kwa mashua chini ya dunia, Duat, kwa saa kumi na mbili, na kila saa ni eneo lenye wakazi wake. Safari nzima imechorwa kwenye kaburi la farao Thutmose III. Saa ya sita jua linakutana na mwili wa Osiris, mungu wa wafu, na kupata nguvu mpya, saa ya saba joka Apep linaizuia mashua, saa ya kumi na mbili jua linazaliwa upya. Na sisi saa zetu ndivyo zinavyohesabika, saa moja jioni mpaka kumi na mbili alfajiri. Huna haja ya kubadili kitu. Chora saa mezani, kila wanachofanya kinakula saa, na ikifika kumi na mbili ufa chini ya jiwe unajaa maji. Saa sita usiku wape pumziko na nguvu, saa saba walete joka. Hilo wasipigane nalo kulimaliza, walicheleweshe tu mashua ipite.

Msimulizi wa Kirumba:

@Dadu ya Pande Ishirini, hilo la kumpa pole malkia nimelisoma mara mbili, sikuwa nalijua. @Usiku Nyegezi saa naichukua jinsi ilivyo. Lakini bado sijajibiwa kuhusu Kulwa.

Mwalimu wa Magu:

Nikujibu mimi, ila hutapenda. Asirudi.

Kwa nini twende Misri na Sumeri tu wakati Waafrika wenzetu wamelisema hili kwa uchungu zaidi? Wambundu wa Angola wanayo hadithi ya mfalme Kitamba. Mmisionari Heli Chatelain aliichapisha mwaka 1894. Mke mkuu wa mfalme, Muhongo, anafariki. Kitamba anatangaza msiba usio na mwisho: hakuna kulima, hakuna kutwanga, hakuna mtu kuongea kwa sauti. Mganga anachimba kaburi jikoni kwake, anaingia na mwanawe, njia inawafungukia mpaka kwa Kalunga-ngombe, bwana wa wafu. Anamkuta Muhongo ameketi anasuka kikapu. Hateseki, hana minyororo, anasuka tu. Anamwambia mganga kwamba aliyekwisha kufika huko harudi, asile chakula cha huko la sivyo naye atabaki, na anampa bangili aliyozikwa nayo ili mfalme aamini. Halafu anamwonyesha mtu aliyefungwa pale. Ni Kitamba mwenyewe, ambaye siku zake zimekaribia.

Mganga akarudi na bangili. Mfalme akaikubali na msiba ukaondolewa, watu wakarudi mashambani.

Hiyo si safari ya bure hata kidogo, ndugu yangu. Wachezaji wako wamkute Kulwa anafanya kazi aliyoipenda, awajue, aongee nao, awape kitu cha kurudi nacho. Na pale pembeni wamwone mmoja wao amefungwa. Hapo utakuwa na vikao vya mwaka mzima.

Dadu ya Pande Ishirini:

Mwalimu, hadithi nimeikubali kwa mikono miwili, ila mezani siyo sawa na kusimuliwa. Mfalme Kitamba hakurusha dadu. Hawa watu wamevuliwa silaha na kumbukumbu, wamelipa. Mtu aliyelipa kihalali akiambiwa mwishoni jibu lilikuwa hapana tangu mwanzo, haamini tena msimulizi wake.

Mwalimu wa Magu:

Basi aambiwe mapema. Mlangoni kabisa bawabu aseme wazi: "Wanaoingia wengi, wanaotoka ni idadi ileile iliyoandikwa." Wataingia wakijua.

Mama Pacha:

Nasoma tu huwa, leo naandika. Kaka Msimulizi, Kulwa na Doto ni mapacha, na umepewa jibu hapo juu hamjaliona. Inanna aliporuhusiwa kutoka, pepo wa kuzimu walimfuata wakidai mtu wa kujaza nafasi yake. Wakapita kwa waliokuwa wanamlilia, akakataa wasichukuliwe. Wakamkuta mumewe Dumuzi amekaa kwenye kiti cha enzi, amevaa vizuri, wala haombolezi. Akawaambia mchukueni huyo. Baadaye Geshtinanna, dada yake Dumuzi, akakubali kupokezana naye: nusu mwaka kaka anakaa kuzimu, nusu mwaka dada.

Doto anaweza kufanya hivyohivyo. Masika Kulwa yuko juu, kiangazi yuko Doto. Idadi ya bawabu haivunjwi na Mwalimu atakuwa ameheshimiwa.

Msimulizi wa Kirumba:

Dada, nimesimama na simu mkononi. Hili sikuliwaza.

Bibi wa Nansio:

Wajukuu, mwangaluka. Mnazunguka mbali na Shing'weng'we mmemsahau. Zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa, mtoto akakua, akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Huko tumboni si ndiko kuzimu kwenyewe? Lakini katika kupasua kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Yule bibi hakushukuru kuokolewa. Alikasirika akataka kumroga, mpaka Masala Kulangwa alipomtafutia dawa. Weka na huyo bibi, mjukuu wangu. Kila ukombozi una mtu uliyemuumiza.

Kutoka Bukoba:

Wabeja bibi. Naongeza ya jirani zetu Baganda. Walumbe, yaani Kifo, alipokuwa anaua watoto wa Kintu, mtu wa kwanza, kaka yake Walumbe aitwaye Kaikuzi alitumwa amkamate. Watu wakaagizwa wakae kimya kabisa wasimshtue. Watoto wakapiga kelele walipomwona, Walumbe akazama ardhini pale Tanda, na mashimo ya Tanda watu wanayatembelea mpaka leo, Mityana, Uganda. Tengeneza chumba cha ukimya: wakiwa humo, wachezaji wenyewe mezani hawaruhusiwi kutoa sauti, wanaandikiana kwenye karatasi. Sauti ikitoka, mnayemfuata anazama ngazi moja chini na saa moja inaliwa. Hakuna zimwi, na mioyo itadunda.

Vilevile kwa Wamaya wa Amerika ya Kati, huko Xibalba, kuzimu kwao, pacha wawili waliwekwa Nyumba ya Giza wakapewa mwenge na sigara zinazowaka, wakaambiwa asubuhi wavirudishe bila kupungua. Wakaweka unyoya mwekundu wa kasuku juu ya mwenge na vimulimuli kwenye ncha za sigara. Walinzi wakaona vinawaka usiku kucha. Fumbo la aina hiyo usiliandikie jibu moja. Wakileta lolote lenye akili, kubali.

Mtoto wa Igoma:

Kaka, mimi naomba jambo moja, na naliomba kwa heshima. Kuzimu chini ya ziwa hapa kwetu si hadithi tu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na hapa mjini, mamia wakafa, na wengi wamelala makaburi ya Igoma. Mwaka 2018 ikawa MV Nyerere kule Ukara. Pengine kwenye meza yako yupo aliyepoteza mzazi au shangazi na hajawahi kusema. Usiweke meli iliyozama wala vivuli vya abiria majini. Na kabla ya kikao, muulize kila mmoja peke yake, kwa ujumbe wa simu, kama kuna kitu asichotaka kukutana nacho huko chini. Asidaiwe sababu.

Msimulizi wa Kirumba:

@Mtoto wa Igoma, asante sana na pole kwa wote. Nilikuwa na kivuko kilichozama kwenye ramani, chumba cha nne. Nimekifuta sasa hivi. Ujumbe natuma leo kwa kila mmoja.

Swali jingine, wakuu: mwenye Kulwa afanye nini muda wote huo? Akae anatazama wenzake wakicheza?

Usiku Nyegezi:

Asikae hata dakika. Mpe upande wa pili wa kuzimu. Yeye yuko ndani tayari, anajua njia ambazo wenzake hawazijui. Kila saa ikipita kwenye ile saa ya mezani, mpe uamuzi mmoja kwa karatasi ya siri: ale walichomwekea au akae na njaa, asuke au akatae, amtaje Doto au anyamaze. Akila, anapata nguvu huko na anazidi kuwa wa huko. Wenzake wakimfikia watakutana na Kulwa aliyetengenezwa na maamuzi yake mwenyewe.

Na ramani isiwe mstari mmoja. Njia mbili za kushuka, zikutane katikati, na moja irudi nyuma kwa mzunguko, ili wakiingia chumba cha ukimya wakashindwa wawe na pa kupitia.

Msimulizi wa Kirumba:

Nimeamua hivi. Milango mitatu inayofuta karatasi. Bawabu anatangaza idadi mlangoni kama alivyosema Mwalimu. Saa kumi na mbili mezani. Chumba cha ukimya njia ya kushoto, Nyumba ya Giza njia ya kulia, zinakutana kwa malkia anayeugulia, ambaye silaha hazimwingii. Kulwa anacheza kwa karatasi za siri. Wakipata pole ya kweli kwa malkia, wanapewa Kulwa, na idadi inadaiwa. Mapatano ya nusu mwaka sitayataja mimi. Dalili itakuwa kwenye mchoro ukutani wa ndugu wawili wakipishana kwenye ngazi. Na bibi wa sikio atawasubiri juu, kwenye mawe.

Mama Pacha:

Vizuri sana kaka. Nyongeza moja tu: Doto akifikia kuamua, usimrushishe dadu hapo. Mwache aseme mwenyewe, na mwenye Kulwa naye apewe nafasi ya kukataa.