Mtoto alikuwa anaongea, sasa maneno yanapotea

Shikamooni wakubwa. Tuko Ohio. Binti yetu ana miaka 5, alikuwa msemaji kweli: Kiswahili nyumbani, Kiingereza shuleni. Miezi hii maneno yanapungua, na ukimwita hageuki. Masikio yamepimwa, ni mazima. Shuleni wanasema lugha mbili zimemchanganya, tuache Kiswahili. Mwenye kujua atusaidie.

---

Pole sana, mdogo wangu. Kiswahili msikiache. Lugha mbili hazimnyang'anyi mtoto maneno aliyokwisha kuyajua. Aliyechelewa kuongea ni mmoja, aliyeongea kisha akanyamaza ni mwingine, na huyu wa pili hasubirishwi hata kidogo. Kwa daktari anzeni na hilo, na mchukue video za simu, za mwaka jana na za sasa.

Ombeni rufaa kwa daktari wa ubongo wa watoto, mwulizeni kuhusu Landau-Kleffner. Ni ugonjwa nadra, ulielezwa mwaka 1957, na mara nyingi huanza kati ya miaka 3 na 7. Sikio linasikia, ubongo ndio unaoshindwa kutambua maneno, hivyo wengi hudhani mtoto ni kiziwi. Huenda si huo, ila lazima uangaliwe. Kipimo ni EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kwa waya za kichwani, na isisitizeni ya usingizini, kwa sababu hitilafu ya umeme wa ubongo huonekana zaidi mtoto akilala. Si wote wanaopata degedege, kwa hiyo "hajawahi kuanguka" isiwe sababu ya kuwanyima kipimo.

Mimi ni mkalimani hospitalini, na hili nalisema kila mara: kabla ya EEG mfumueni nywele zote, muosheni kichwa, msipake mafuta. Zile waya hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa. Nimeona watoto wetu wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya rasta, na miadi mingine ikasogezwa mbali. Inaniuma sana. Mkalimani ni bure, msimtumie mtoto mkubwa kutafsiri.

Shule iandikieni barua yenye tarehe mkiomba tathmini ya elimu maalumu. Hailipiwi, na hapa Ohio mkishasaini ridhaa wana siku 60 kuimaliza.

---

Naongezea, dada: mkiwa mnasubiri, tumieni picha na ishara za mikono. Mpwa wangu alikuwa akirusha sahani kwa hasira. Tulipobandika picha ya maji, ya choo na ya kitanda kwenye friji, akawa anatuvuta mkono na kutuonyesha.