Taa ya mlingotini: mita yaonyesha omu 0.5, hesabu yatoa omu 6

Mwana wa Nahodha (Lamu)

Assalaam aleikum. Katika mashua yetu, tunayovushia abiria kutoka Mokowe, kuna taa ya mlingotini yenye balbu ya uzi iliyoandikwa volti 12, wati 24. Tangu wiki mbili zilizopita mwanga wake umekuwa mwekundu kama kaa linalozimika, ingawa betri, iliyoko tezi, ni mpya. Kwa kuwa nilifundishwa kwamba ukinzani ni volteji kugawanywa kwa mkondo, na nguvu ni volteji mara mkondo, niliichomoa balbu, nikaipima kwa multimita, nikapata omu 0.5. Kwa kipimo hicho mkondo ungekuwa ampea 24 na nguvu wati 288, jambo lisilowezekana, kwani fyuzi ya ampea 5 haijawahi kukatika. Nilipoirudisha balbu na kuwasha, mita ikiwa imepachikwa katikati ya njia ya waya, mkondo ulikuwa ampea 1.8, na betri ilikuwa na volti 12.6. Nimekosea wapi?

Duka la Spea

Ndugu yangu, hiyo ni kasoro ya mita. Waya za mita za bei nafuu zina ukinzani wake zenyewe, na ukipima omu ndogo ni lazima zikudanganye. Tafuta mita nyingine.

Mwalimu wa Fizikia (Malindi)

Waaleikum salaam. Aliyenitangulia amesema kweli kuhusu waya za mita, lakini ukinzani wake hujumlishwa kwenye kipimo; hauwezi kukipunguza. Ukizigusanisha ncha mbili na kutoa kiasi utakachokiona, balbu yako itabakiwa na chini ya omu 0.5, kwa hiyo fumbo litazidi badala ya kufumbuka.

Mita yako ni nzima na kanuni yako ni sahihi. Ulichokosea ni kuchanganya hali mbili. Uzi wa tangisteni ukiwa baridi huwa na ukinzani mdogo sana, na ukishawaka, jotoridi likapita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ukinzani huo huongezeka mara kumi au zaidi. Mkondo mkubwa ulioukokotoa hupita kweli, ila kwa sehemu ndogo mno ya sekunde pale unapobonyeza swichi, na fyuzi haiwahi kuyeyuka. (Ndiyo maana balbu za aina hii hupenda kuungua wakati wa kuwashwa.) Ukinzani wa balbu inayowaka hupatikana kwa volteji na mkondo vilivyopimwa pamoja, nayo ikiwa inawaka: wati 24 kwa volti 12 ni ampea 2, na volti 12 kwa ampea 2 ni omu 6.

Hata hivyo, usigawanye volti 12.6 za betri kwa ampea 1.8. Utapata omu 7, nao ni ukinzani wa njia nzima, waya zikiwamo. Tafadhali pima volteji kwenye miguu ya balbu yenyewe, taa ikiwa inawaka.

Mwana wa Nahodha (Lamu)

Shukran, Mwalimu. Nimepanda mlingotini na kupima: volti 10.4.

Fundi Mstaafu

Basi mwizi ameonekana. Balbu inapata volti 10.4 mara ampea 1.8, yaani wati 18.7 badala ya 24, na volti 2.2 zinapotelea njiani. Gawanya 2.2 kwa 1.8, utapata omu 1.22. Kutoka tezi hadi juu ya mlingoti ni mita ngapi, na waya ni wa unene gani?

Mwana wa Nahodha (Lamu)

Ni mita 9, waya wa shaba wa milimita moja ya mraba.

Fundi Mstaafu

Waya huo una takriban omu 0.017 kwa kila mita, na usisahau kwamba mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 18, ambazo ni omu 0.31. Zilizobaki, omu 0.9 hivi, si za waya mzima. Katika chombo cha baharini mimi hushuku kiungo kwanza. Mkondo mara mkondo mara ukinzani, 1.8 × 1.8 × 0.9, ni karibu wati 3 za joto zinazokusanyika mahali pamoja. Iache taa iwake kwa nusu saa, kisha upapase waya kwa vidole. Kiungo kibovu kitakuwa na vuguvugu. Ukishakipata, pima volteji kati ya upande wake mmoja na wa pili.

Mwana wa Nahodha (Lamu)

Nimekipata chini ya mlingoti, pale maji ya chumvi yanaporukia. Kilikuwa kimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe tu, na nilipoufungua utepe baada ya kupima, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Kipimo kilikuwa volti 1.6, ambazo kwa ampea 1.8 ni omu 0.89. Nimekata sehemu iliyoliwa, nimelehemu kwa risasi na kufunika kwa mpira. Sasa balbuni kuna volti 12.0 na mkondo ni ampea 2.0, yaani wati 24 kamili, na mwanga umerudi kuwa mweupe. Fundi, kiungo cha upande wa kurudi nacho kimesokotwa vivyo hivyo, ila hakijapata vuguvugu. Nitakilehemu kesho maji yakitoka.