Siku 30 za CMA: mwajiri asiyetoa barua anufaike nazo?

Wadau habari za leo. Juzi hapa Mwanga, Kigoma mjini, tulibishana hadi watu wakanuniana. Chanzo ni dada mmoja aliyekuwa anafanya usafi gesti, mimba ilipoanza kuonekana bosi akamwambia "we nenda kajifungue kwanza, nitakuita". Barua hakupewa. Akasubiri, mtoto kazaliwa, kimya, kuja kupita pale anakuta binti mwingine ndo anaanika mashuka. Akaenda kwa mtendaji, akatumwa ustawi wa jamii, huko wakamwambia hii ni ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, kufika CMA swali la kwanza umeachishwa lini, maana mgogoro wa kuachishwa kazi siku za kuufungua ni 30 tu, migogoro mingine ndo 60.

Jamaa mmoja akasema kachelewa basi, mwajiri naye hawezi kuishi na kesi kichwani miaka nenda rudi. Mimi nakataa kabisa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kazini kwa ujauzito, kabila, dini, ulemavu, VVU na mengine, tena mfanyakazi akishaonyesha dalili za ubaguzi ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu cha 41 kinataka notisi ya kuachisha kazi iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Sasa bosi karuka yote hayo, halafu siku zikipita yeye ndo wa kwanza kuweka pingamizi eti dada kachelewa! Kachelewa kuanzia lini wakati tarehe umeificha wewe? Msimamo wangu, kama barua haijatoka siku zisianze kuhesabiwa.

Mtasema ipo fomu F2 ya kuomba nje ya muda. Ipo, ila inaenda na kiapo, na kiapo kinataka mtu anayejua kukiandika, uape mbele ya kamishna wa viapo, ueleze kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi, na huyu katoka Uvinza na kichanga mgongoni, nauli kakopa. Hapo bado F1 yenyewe, ile fomu ya kufungua mgogoro, nakala umpelekee mwajiri na uthibitisho kwamba kaipata urudishe CMA, bosi akigoma kusaini unaanza kuzunguka na karatasi kama unaomba msaada. Wengi wanakata tamaa hapo hapo, kesi haijasikilizwa hata neno.

Na wanaohofia mfanyakazi atakaa miaka mitatu ndo aje kudai, dawa anayo mwajiri mwenyewe, aandike barua, karatasi moja tu, siku zianze kukimbia. Hilo jamaa yetu hakulijibu, mnaomuunga mkono njooni mlijibu nyie. Na wewe uliyeambiwa "nitakuita" wiki hii, mjadala usikucheleweshe, kachukue F1 kesho asubuhi.