Dabo: nilinde kichochoro au nisogee katikati? Mwenzangu anasema hivi, kocha anasema vile

Binti_Upanga:
Wakuu habari za Jumapili. Naomba msaada wa wanaocheza tenisi ya wawili, siyo wanaotazama kwenye TV tu.

Mimi ni mtu wa singo, dabo nimeanza mwaka huu. Mwenzangu ni mtu mzima, rika la baba yangu. Sevu yake (ule mpira wa kuanzisha pointi) ni ya wastani ila hakosei ovyo. Akisevu yeye, mimi nakaa neti, na maelekezo yake ni mafupi: "Kaa hapo mwanangu, linda kichochoro, kwingine kote niachie mimi." Nami nakaa kichochoroni, ule ukanda wa pembeni unaotumika kwenye dabo tu. Basi gemu nzima mipira inakwenda kona kwa kona kati yake na mpokeaji, mimi nimesimama kama mlingoti wa bendera, sigusi kitu. Halafu mpira ukipita katikati, mkono na nusu kutoka niliposimama, wote wananigeukia mimi.

Kocha naye ananifokea kinyume: "Toka pembeni! Unalinda nini huko?" Nikisogea, mpokeaji ananipitishia pembeni mara moja tu, mzee anaguna, narudi kichochoroni kwangu.

Nisimame wapi hasa? Niangalie nini mzee akiwa anasevu? Na nimwambieje bila kuonekana sina adabu? Nawasilisha.

Mlinda_Mstari:
Msikilize mzee wako. Katikati mnaweza kusaidiana, kichochoroni hakuna mwingine zaidi yako. Kupitwa pembeni ndiyo aibu kubwa ya mtu wa neti.

Mzee_wa_Voli:
Binti, kocha wako yuko sahihi, ila naona hajakueleza kwa nini.

Kichochoro kina upana wa mita 1.37. Uwanja wote wa dabo una mita 10.97. Ukiganda pembeni unalinda kipande ambacho mpokeaji anakipata kwa shida, na unamwachia bure kile anachokipata kirahisi. Anayetaka kukupitishia pembeni anapiga juu ya neti pale ilipo juu zaidi, maana kwenye nguzo ina mita 1.07 na katikati ina sentimita 91 na kitu. Tena ana uwanja mfupi: moja kwa moja ni mita 23.77 kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa nyuma, kona kwa kona ni zaidi ya mita 26. Akizidisha kidogo, nje. Akipunguza kidogo, neti. Kwa hiyo mwache ajaribu! Akikupata mara moja mpigie makofi, ni pointi moja kama nyingine. Akikupata mfululizo, hapo ndipo unarudi hatua moja pembeni ili ajue umemwona.

Pa kuanzia ni katikati ya kisanduku cha sevu. Kutoka neti hadi mstari wa sevu ni mita 6.40, kwa hiyo wewe uwe kwenye mita tatu hivi. Ukiikumbatia neti, lobu yoyote (mpira wa juu wa kukupita kichwani) itakuvuka. Ukikaa nyuma sana utakuwa unaokota voli, yaani mipira ya kupiga kabla haijadunda, kwenye viatu.

Lakini hapo ni pa kuanzia tu, siyo pa kukaa. Unatembea na mpira. Mzee akisevu pembeni, mpokeaji ametolewa nje na njia ya pembeni kwako imefunguka, basi sogea hatua moja upande huo. Akisevu katikati kwenye T, pale mstari wa kati unapokutana na mstari wa sevu, mpokeaji hana kona ya maana, nawe unasogea katikati. Watu wengi wanafanya kinyume: sevu imekwenda katikati, wao bado wanalinda kichochoro ambacho hata bingwa hawezi kukifikia vizuri kutoka pale.

Macho: usigeuke nyuma kumtazama mzee. Sevu utaisikia. Wewe tazama mpokeaji na raketi yake. Akianza kuileta mbele, wewe uwe umeruka kidogo na kutua kwa miguu yote miwili, magoti yamelegea, raketi iko mbele ya kifua. Mtu aliyesimama wima raketi ikiwa pajani hachelewi kwa sababu ya uzee, anachelewa kwa sababu hakuwa tayari.

Fundi_Kamba:
Dabo ni mchezo wa wazee na wenye vitambi. Rudi singo dada.

Nairobi_Lefti:
@Fundi_Kamba haya, waambie hivyo Bob na Mike Bryan, wale mapacha wa Marekani, na mataji yao 16 ya Grand Slam ya dabo. Na usisahau Angella Okutoyi wetu, 2022 alichukua dabo ya wasichana Wimbledon pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Hakuna kitambi hapo.

Binti, salamu kutoka Kenya. Nakuongezea kwenye kudokoa mpira, yaani kuvuka na kuukata njiani kabla haujamfikia mwenzako, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mtu wa neti. Kosa ninaloliona kila Jumamosi ni watu kukimbia sambamba na neti. Unafika, lakini mpira nao umeshashuka, unaupiga ukiwa chini ya utepe wa juu ya neti. Kimbia kwa mshazari kuelekea ule mkanda mweupe wa katikati ya neti, uukute mpira ukiwa bado juu. Na kuhusu muda: usiondoke mapema. Subiri mpokeaji ainamishe macho kwenye mpira na mkono uanze kwenda mbele. Hapo hawezi tena kubadili. Ukiondoka kabla, amekuona, na kichochoro kiko wazi kabisa.

Ukiupata, usiurudishe kwa yule aliye nyuma, ana muda wote wa kukusubiri. Upige miguuni kwa mtu wao wa neti, au katikati yao wawili.

Na si lazima udokoe kweli kila mara. Jidai unakwenda: bega na hatua moja, kisha rudi. Mpokeaji akianza kukuwaza wewe badala ya mpira, umeshafanya kazi bila kugusa kitu.

Binti_Upanga:
Mzee wa Voli, shikamoo na asante sana. Hiyo ya kutogeuka nyuma imenigusa, mimi hugeuka kila sevu.

Sasa mbili zaidi. Moja, wapinzani wetu ni mafundi wa lobu, na mimi si mrefu. Mbili, mzee akiwa ndiye anayepokea sevu, mimi nasimama wapi? Huwa nakaa pale pale karibu na neti na ninapigwa mipira ya mwili.

Mzee_wa_Voli:
Marahaba. Namba mbili nawaachia wengine, vidole vimechoka.

Mama_Raketi:
Mwanangu, anayepokea akiwa mzee, usiwe karibu na neti hata kidogo. Anzia kwenye mstari wa sevu au nusu hatua mbele yake. Hapo kwanza unamsaidia kuita kama sevu imeingia au imetoka, kwa sababu mstari uko machoni mwako. Ukishaona imeingia, macho yahame mara moja kwa mchezaji wao wa neti. Huyo ndiye hatari yako, siyo aliyesevu.

Mpira wa mzee ukimpita huyo mtu wao, songa mbele hatua mbili tatu, sasa nyinyi ndio mnaotisha. Ukiona anaufikia, simama hapo hapo, shusha mwili, raketi chini, na ujibane kuelekea katikati kwa sababu voli nyingi hupitishwa pale. Usirudi kinyumenyume huku yeye anapiga. Anayetembea hawezi kurudisha mpira wa kasi, bora uwe umesimama mahali pabaya kuliko kuwa njiani kwenda mahali pazuri.

Lobu: usirudi nyuma kwa visigino, watu wanavunjika viganja hivyo. Geuka ubavu, mguu wa upande wa raketi urudi nyuma kwanza, kisha fuata mpira kwa hatua za kupishana. Ukiona hatua tatu hazitoshi, piga kelele "Yako!" na papo hapo vuka uende upande alioacha mzee, ukirudi mpaka mstari wa sevu. Kubaki pale ulipokuwa ndiko kunakowaweka nyote wawili upande mmoja. Na huyo atakayeita awe mmoja. Mkikubaliana kwamba mzee wa nyuma ndiye anayeita kwa sababu anaona uwanja wote, basi iwe hivyo siku zote.

Kwa Dar ongeza na upepo. Kusi ikivuma mchana, lobu inayotoka upande wa upepo mara nyingi inakwenda nje yenyewe, iache. Ile inayopigwa dhidi ya upepo ndiyo inadondoka mapema kuliko ulivyodhani, hiyo uisogelee.

Nairobi_Lefti:
Kweli kabisa hiyo ya upepo. Huku kwetu juu, mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mpira unaruka zaidi. Watu wa Pwani wakija wanapiga lobu zinatua kwenye uzio.

Mlinda_Mstari:
Mnaongea nadharia. Klabuni kwetu ukitikisika tu unapigiwa pembeni. Hawa si watu wa TV, wana huo mpira mmoja na wanaujua.

Mzee_wa_Voli:
Mlinda, nakubali kiasi. Kama kuna mtu ana forehendi ya pembeni ambayo hakosi, msomee huyo mmoja na umbane. Ila jiulize katika seti nzima ni mipira mingapi imepita kichochoroni na mingapi imepita katikati. Weka mtoto pembeni ya uwanja achore alama kwenye karatasi. Mimi nimeona ubishi wa miaka unaisha kwa karatasi ya namna hiyo.

Kaka_wa_Chumbageni:
Mmemjibu yote isipokuwa la mzee. Dada, mtu mzima haambiwi "unakosea kunipanga". Muombe kitu. Mwambie, "Baba, leo naomba unisevie katikati kwenye gemu hii, nijaribu kudokoa." Hapo umempa yeye usukani, na sevu ya katikati ndiyo inayokufaa wewe. Ukipata pointi, mpe yeye sifa, sevu ilikuwa yake. Hatakuzuia tena.

Akishazoea, muanze ishara za mkono nyuma ya mgongo kabla ya sevu: ngumi ni nabaki, kiganja wazi ni navuka. Ukivuka, naye anajua akimbilie upande wako. Mzee wangu mimi alikataa ishara mwanzoni, akisema tunacheza tenisi siyo bubu, sasa yeye ndiye anayenikumbusha.

Binti_Upanga:
Hahaha bubu! Hiyo ya kumuomba nimeipenda, naijaribu. Swali dogo la sheria: nikidokoa karibu sana na neti raketi ikavuka upande wao, ni kosa? Na sevu ya mzee ikinipiga mgongoni?

Mama_Raketi:
Ukiupiga mpira kabla haujavuka neti, pointi imekwenda. Ukiupiga upande wako kisha raketi ikafuata hadi ng'ambo, ruksa, ila usiguse neti kwa chochote, hata ncha ya sketi, mpira ukiwa bado unachezwa. Sevu ya mwenzako ikikugusa ni folti tu, kama ni ya kwanza anapiga ya pili. Lakini sevu ya wapinzani ikikugonga wewe kabla haijadunda, pointi ni yao. Kwa hiyo pale kwenye mstari wa sevu usiwe shujaa wa kuudaka mpira unaokwenda nje. Kwepa.

Mzee_wa_Voli:
La mwisho, la mazoezi. Chukua kapu la mipira, mzee asevu katikati tu, mpokeaji arudishe kona kwa kona tu, na wewe uvuke kila mpira bila ubaguzi. Utakosa mingi. Mkibadilishana, mpokeaji aruhusiwe kupiga pembeni pia, nawe uchague. Fanyeni kabla ya mechi, siyo baada, magoti ya mzee yakiwa bado mapya. Mlinda_Mstari njoo nawe, utakuwa mpokeaji.

Mlinda_Mstari:
Nakuja. Na nitapiga pembeni.